Kibati cha Mashine ya Igowole

Igurusi, Mbeya
8 Februari 1976

Kwa Shangazi Helena,

Shikamoo Shangazi. Shikamoo nyingine mpe Mjomba Philbert akirudi safari. Huku tupo. Mvua haijatuacha tangu Krismasi, na maji yamefika kwenye migomba ya Mzee Ndalahwa. Baba anakohoa lakini hataki mtu aseme kwamba anakohoa. Mdogo wangu Shija amepewa ndama wake wa kwanza, akampa jina la mwalimu wake wa hesabu, sasa mwalimu amenuna na ndama ananenepa. Mimi bado naamka nikidhani niko Iringa kwako, nasubiri uniite nikachote maji kabla bomba halijakatika. Miaka minne si michache. Nyumba yetu naiona ngeni kidogo, ingawa sijamwambia Mama.

Sasa jambo lenyewe. Akina mama wa hapa kijijini wana shamba la pamoja la mpunga, na akiba ya mavuno mawili wameitunza ili wanunue mashine ya kusaga. Wewe unajua tunavyosaga hapa. Unabeba debe kichwani mpaka kijiji cha jirani, unasimama kwenye foleni, na mara nyingine jioni unarudi na mahindi yaleyale. Kisha unatwanga. Mama mikono yake imekuwa na magamba.

Wamenifanya katibu. Sikuomba. Mama Paskalina, mwenyekiti wetu, alisimama mkutanoni akasema, "Huyu mtoto wa Nkuba kamaliza kidato cha nne na kutwa anatazama vidole vyake. Tumpe kalamu ashike kitu." Watu walicheka, nami nikashindwa hata kukataa.

Baba anasema ulimwandikia kwamba kuna mtu huko anauza mashine iliyotumika. Naomba unieleze ni ya nani, ina nguvu kiasi gani, na kwa nini anaiuza. Hatuna akiba nyingine baada ya hii, Shangazi. Tukikosea, tutarudi kwenye kinu.

Mtoto wako,
Nyamizi

*

Iringa
1 Machi 1976

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, sikungoja hata kuketi. Kitanda chako sijampa mtu. Jirani aliomba kumlaza mpwa wake, nikamwambia kina kunguni. Usimwambie mtu.

Baridi imeanza kuingia mapema. Kwaya yetu imepata mwalimu mpya anayetuimbisha kama anafukuza ndege shambani. Mjomba wako hayupo sana nyumbani siku hizi, mambo yake ni mengi. Mwambie kaka yangu aache ubishi, achemshe majani ya mkaratusi ajifukize.

Nimefurahi wamekupa kalamu. Hapa kwangu ulikuwa ukiulizwa jambo unajibu ukiwa umeangalia sufuria. Sasa uangalie watu.

Mashine ni ya mtu wa Igowole, mtu mwaminifu. Nguvu yake ni ya farasi kumi na wawili, imeandikwa kwenye kibati kilichopo ubavuni mwa injini, hata mgeni anaisoma. Kuhusu kwa nini anauza, kila mtu ana sababu zake, na si vizuri kuchimba sana ya watu. Waje wawili au watatu waione ikisaga. Wakishuka Mafinga watapata gari la kuingia Igowole, nami nitahakikisha kuna mtu wa kuwapokea.

Shangazi yako,
Helena

*

Igurusi, Mbeya
28 Machi 1976

Kwa Shangazi Helena,

Shikamoo. Tumepokea mbegu za kabichi ulizompa dereva, ingawa mkebe ulikuwa umekaliwa na mtu mzito. Baba amejifukiza, akasema hakuna tofauti, lakini naona anajifukiza kila siku. Mpunga umeanza kuinama. Mimi nilishikwa na malaria wiki ileile ya safari ya Igowole, ndiyo maana sikwenda. Walikwenda Mama Paskalina na Mama Rozalia.

Walirudi wanaimba. Mama Rozalia alisema, "Tuliisikia tangu tuliposhuka kwenye gari! Inalia mpaka mbwa wanakimbia. Hiyo ndiyo mashine." Nikauliza kama bomba la moshi lina kitu. Akasema limevishwa kopo la maziwa ya unga, limetobolewa matundu.

Shangazi, hapa kwetu mashine inapimwa kwa sauti. Mtu akisikia mlio anajua leo wanasaga, anabeba debe lake. Hata mimi nilikuwa nikiamini hivyo. Lakini nilipopona nilikwenda kijiji cha jirani kwa Abrahamu, yule anayeendesha mashine tunayosagia siku zote, nikamuuliza kopo linafanya nini. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kopo ni tarumbeta, mwanangu. Halisagi hata punje."

Unga waliouleta kama mfano umo kwenye kitambaa, naushika sasa hivi. Ni chenga za kulishia vifaranga. Mama Paskalina anasema mwenye kusaga alikuwa na haraka. Na Mama Rozalia alisema jambo jingine huku anacheka: kwamba injini yote ina kutu, isipokuwa skrubu nne za kile kibati. "Zinang'aa kama hereni mpya kwenye sikio la bibi."

Mashine ya Abrahamu ina jina la kiwanda lilelile walilolisoma Igowole, limetoka na chuma chenyewe, na yeye alikuwepo ilipofunguliwa kwenye sanduku lake. Ni farasi kumi na wawili kweli. Nimeipima kwa uzi wa katani, na uzi huo nimeukunja humu ndani ya barua. Kutoka mwanzo wa uzi mpaka fundo la kwanza ni upana wa gurudumu zito. Kutoka fundo la kwanza mpaka la pili ni urefu wa silinda. Naomba mtu auweke uzi huu kwenye mashine ya Igowole. Zikiwa za nguvu moja, mafundo yatakaa mahali pake.

Mama Rozalia anamsifu sana mtu aliyewawashia. Anasema ni mrefu, mcheshi, ana koti la kijani, na kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Hakuwaambia jina.

Msalimie Mjomba Philbert. Kile kifungo nilichomshonea kwenye koti lake kabla sijaondoka, ule uzi mweusi ulipokwisha tukatumia mwekundu, bado kimeshika? Nauliza tu.

Mtoto wako,
Nyamizi

*

Iringa
20 Mei 1976

Mwanangu Nyamizi,

Usinione nimekaa kimya. Nilikuwa na homa, kisha kulikuwa na mkutano wa kwaya, kisha baridi. Maparachichi mwaka huu yamezaa mpaka matawi yanavunjika. Binti wa jirani, Evarista, ameposwa na mtu wa Ruaha Mbuyuni mwenye mashamba ya vitunguu, sasa anatembea kama ameshanunua barabara nzima. Nimesuka kikapu, nitakutumia.

Mjomba wako hajambo. Hilo koti alishaligawa zamani, sijui hata liko kwa nani.

Kuhusu mashine, watu wengine nao wanaitaka. Mwenyewe anasema hawezi kuwangojea ninyi mpaka mwisho wa dunia. Kama akina mama wameiona na wamependezwa, sioni kwa nini mambo yarudi nyuma. Kibati kimeandikwa kumi na mbili. Kaka yangu na mimi tangu utoto wetu kule kwetu kabla hatujahamia Usangu hatujawahi kuulizana maswali mara mbili. Akisema ng'ombe ana mimba, nasema ana mimba.

Usome barua hii vizuri na uwaeleze wenzako.

Shangazi yako,
Helena

*

Igurusi, Mbeya
2 Juni 1976

Kwa Shangazi Helena,

Shikamoo Shangazi. Kikapu kimefika, Mama amekitundika mahali ambapo kila mgeni atakiona. Tumemaliza kuvuna. Ndama wa Shija alikula nusu ya shati lake. Pole kwa homa.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilitafuta habari ya uzi, sikuiona. Nikadhani labda ulianguka bahasha ilipofunguliwa.

Baba alisema, "Helena ameshasema. Andika kwamba tunachukua." Ni mara ya kwanza nimembishia Baba, na sikumbishia kwa maneno, nilinyamaza tu bila kushika kalamu. Akasema, "Haya, kawaambie hao mama zako, siyo mimi."

Kwa hiyo nilikwenda mkutanoni. Nilisimama nimeshika nguzo. Nikasema, "Mimi siandiki barua ya kununua mpaka mashine hii isage mahindi tunayokula." Mama Paskalina akaniuliza, "Kwani kule ilisaga nini, mchanga?" Nikamwambia Abrahamu ameutazama ule unga, anasema ni mahindi makavu ya mwaka jana, mawe ya kusagia yakiwa yamelegezwa, na ndiyo maana tuliletewa chenga. Sisi hapa hatusagi hivyo. Tunakoboa, tunaloweka, tunaanika kidogo tu, tunapeleka yakiwa bado na unyevu ili unga uwe mweupe na laini. Mahindi ya namna hiyo ni mazito kwa mashine. Farasi kumi na wawili watayavuta. Wachache zaidi watashindwa. Mama Rozalia akasema, "Mtoto kasema kweli, na mimi ndiye niliyedanganywa na kopo."

Sasa nakuomba wewe, Shangazi, uende Igowole. Wewe mwenyewe, siyo mtu mwingine. Waombe akina mama wa kule mahindi yaliyolowekwa, gunia zima. Kopo litolewe kwenye bomba. Mawe yakazwe mpaka unga uwe wa kumpa mtoto uji. Usikubali mtu apunguze mahindi kwa mkono yanapoingia, na usikubali izimwe ipumzike. Simama hapo mpaka gunia liishe, utazame mkanda na rangi ya moshi.

Ukiniandikia kwamba umeona inasaga, nitasimama mbele ya akina mama niseme inasaga. Sitauliza tena jambo lolote, wala habari ya koti. Na Baba sijamwambia kitu ambacho wewe hujamwambia.

Uzi mwingine huu hapa, ikiwa ule ulianguka.

Mtoto wako,
Nyamizi

*

Iringa
11 Julai 1976

Mwanangu,

Leo sina habari ya kwaya. Sote tu wazima, mengine utayapata baadaye.

Uzi wako wa kwanza haukuanguka. Nilikuwa nimeuficha ndani ya kopo la chumvi, na kila nilipochota chumvi niliuona.

Mashine ni ya mjomba wako. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya kambi ya barabara, ikiwa na kibati hichohicho, akaipeleka kwao Igowole. Alikuwa ameshawaambia ndugu zake wote kwamba sasa wamepata mwenye mashine. Wateja walikuja mwezi mmoja, kisha wakaanza kupita mlangoni na madebe yao wakienda kwingine, wala hawakumwambia kwa nini. Unamjua Mjomba wako. Anajua dawa ya kila ugonjwa na njia ya mkato ya kila mji. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema nilidanganywa. Aliniambia, "Kwa watu wa kwenu kule itafaa, wao hawana kitu kabisa." Nikanyamaza. Hicho ndicho nilichokufanyia, Nyamizi. Nilinyamaza, kisha nikaandika.

Nilikwenda. Mama mkwe alinipa mahindi yake mwenyewe, yamelowekwa vizuri. Nilipotoa uzi mfukoni mjomba wako akauliza, "Hicho nini?" Nikamwambia, "Ni Nyamizi huyu, amekuja." Nikaushikilia kwenye gurudumu. Fundo la kwanza lilipita ukingo wa gurudumu kwa kiganja kizima. Silinda nayo ilikuwa fupi hivyohivyo. Mjomba wako alifungua kopo mwenyewe.

Ilianza vizuri. Mimi nilikuwa naomba Mungu isage, nakuambia ukweli, niliomba isage. Mahindi yalipofika mahali pa kuuma, mlio ukashuka kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Moshi ukawa mweusi. Mjomba wako akanyoosha mkono apunguze mahindi, nikaushika mkono wake. Mkanda ukaruka, ukapiga ukuta, kuku wakatawanyika.

Akasema kwa hasira, "Mahindi haya ni mabichi!"

Mama yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda, akamjibu, "Philbert, haya ndiyo yanayoliwa hapa tangu hujazaliwa. Ulitaka tukuletee kokoto?"

Alitoka nje. Mimi nikachukua kisu cha jikoni nikafungua zile skrubu nne. Chini yake kuna alama ya kibati cha kwanza, kidogo zaidi, na pembeni yake namba iliyogongwa kwenye chuma. Ni sita.

Kibati nimekifunga kwenye kitambaa, nimempa dereva pamoja na barua hii. Usinunue. Kaka yangu mwonyeshe barua yote, usimfiche mstari. Mjomba wako hasemi nami tangu tulipotoka huko, lakini jana alikula chakula chote, na leo asubuhi nilimkuta anautazama ule uzi.

Shangazi yako,
Helena

*

Igurusi, Mbeya
19 Septemba 1976

Kwa Shangazi Helena,

Shikamoo Shangazi, nakuamkia kwa magoti yote mawili. Baba hakohoi tena. Mama anakusalimu na anakutumia mchele mpya. Ndama wa Shija amekuwa mkubwa, na mwalimu wa hesabu amekubali yaishe.

Mjomba amekwisha kukusimulia upande wake, najua, na najua jinsi anavyosimulia. Huu ni upande wangu.

Barua yako nilimsomea Baba yote. Nilipofika pale uliposhika mkono wa Mjomba, alisema, "Huyo ndiye dada yangu."

Mkutanoni nilikiweka kibati juu ya mkeka. Kilipita mkono kwa mkono. Mama Rozalia alikigeuza akasema, "Kumbe farasi sita walikuwa malishoni siku ile, sisi tukawahesabu zizini." Walicheka, lakini Mama Paskalina hakucheka. Alisema, "Basi turudi kwenye kinu?" Nikaona nyuso zao, Shangazi. Nikaona mikono ya Mama.

Nikasimama. Safari hii sikushika nguzo. Nikawaambia nilikuwa nimerudi kwa Abrahamu na kumuuliza sita inaweza nini. Alinijibu kwamba inaweza mahindi makavu yaliyokobolewa, kwa mawe madogo, na kupumzishwa kila baada ya gunia. Ya kulowekwa haiwezi, asidanganyike mtu. Nikasema, "Mashine nyingine tutakayoipata itakuja na kibati chake, na hatutakuwa na shangazi wa kutufungulia skrubu. Hii tunaijua. Tukiichukua, tuichukue kama sita, na mwenyewe akubali kuiuza kama sita. Asipokubali, tunatwanga." Walibishana mpaka jua likaegemea. Wapo waliosema unga wa mahindi makavu ni wa wavivu. Mama yangu, ambaye hajawahi kusema mkutanoni, akasema yeye yuko tayari kuwa mvivu. Wakakubali. Ndipo nikamwandikia Mjomba mwenyewe barua fupi, nikimuuliza kama ataiuza kama sita, kwa bei ya sita, bila kupitia kwako, kwa sababu sikutaka akujibu wewe wakati nauliza mimi.

Hakujibu. Alikuja na mashine.

Alishuka kwenye lori amevaa koti la kijani. Kifungo cha juu kilikuwa kinaning'inia. Wanaume wote walikuwa wamesimama wakingoja nimwambie neno, au Baba amwambie. Nilimwamkia. Kisha nikasema, "Lete koti, Mjomba." Akalivua. Nikakishona upya palepale kwenye kivuli cha lori, kwa uzi mwekundu uleule, maana bado ninao. Alikuwa anatazama pembeni. Aliponyoosha mkono kulipokea, alisema kwa sauti ndogo, "Nguvu ni sita, Nyamizi." Nikamwambia, "Ndiyo, Mjomba. Ingia ule."

Aliifunga vizuri sana, Shangazi. Mawe madogo aliyatafuta mwenyewe. Mahali pa kibati nilikirudisha kibati kilekile, lakini nimekigeuza, upande usio na maandishi ukiwa nje, na nimegongea kwa msumari neno moja: SITA. Herufi zimepinda kidogo.

Alipotaka kuondoka akatoa kopo kwenye begi. "Hili nalo mtalihitaji," alisema, "bila hili hamtapata mteja." Mama Paskalina alinitazama. Nikasema hapana.

Siku ya kwanza tuliwasha asubuhi, na hakuja mtu. Mashine ilikuwa inanong'ona tu. Watu walikuwa nyumbani kwao wanasikiliza, hawasikii kitu, wanadhani imeharibika kabla haijaanza. Mama Rozalia akaniambia, "Si unaona? Rudisha kopo, mwanangu, tusife kwa ukaidi wako."

Nikatoka. Nilianza nyumba ya Mzee Ndalahwa kwa sababu hasikii vizuri, nikajua hata nikikosea hatasikia. Nikapaza sauti. "Mashine ya akina mama inasaga! Ni sita! Leteni makavu!" Mara ya kwanza ilitoka kama ya paka. Mlango wa pili ikatoka vizuri zaidi. Nilizunguka kijiji kizima, mpaka watoto wakawa wananifuata wanaitikia "Sita!" kila nikinyamaza.

Nilipomaliza, koo langu lilikuwa limekwisha kabisa. Ninakuandikia leo na bado siwezi kuongea. Lakini niliporudi, foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imepinda kwenye kona, na mwanamke wa mbele kabisa, aliyekuwa anamimina debe lake, alikuwa Mama.

Njoo uione. Kitanda changu sijampa mtu.

Mtoto wako,
Nyamizi